Unga wa Safari ya Nairobi

Mwantumu wa Nambilanje hakuwa na ugomvi na ndege. Ugomvi wake ulikuwa na Zena. Lakini Zena alikaa Nachingwea, karibu kabisa na uwanja ambao ndege za Wazungu wa karanga zilikuwa zikitua, na kwa hiyo kila ilipopita ndege juu ya shamba lake la ufuta, Mwantumu aliinua uso akaiangalia kwa jicho baya, kama unavyomwangalia mtu anayetoka kumsalimia adui yako.

Zena alikuwa mke mwenzake. Mume wao alikuwa Isihaka, mtu mrefu, mpole, mwenye vidole vyeusi vya grisi ambavyo sabuni ilishindwa navyo. Alikuwa mkulima kama wenzake wa Nambilanje mpaka Wazungu walipofika Nachingwea na matrekta yao kung'oa msitu wapande karanga. Isihaka akasema anakwenda kibaruani mwaka mmoja tu, apate baiskeli, arudi. Baiskeli aliipata. Mwaka haukuisha. Akawa msaidizi wa fundi wa injini, akapewa chumba kambini, na Mwantumu hajamaliza hata kuzoea kulala peke yake, akaletewa habari kwamba chumba kile kina mtu anayekifagia.

Hakulia. Siku ile alisonga ugali kama siku nyingine, akala, akaosha chungu. Ila tangu siku ile akapata mazoea: Isihaka akija nyumbani mwisho wa mwezi, alilichukua shati lake akalinusa kabla hajalifua. Lilinuka grisi. Na chini ya grisi, ukivuta pumzi vizuri, lilinuka mafuta ya nazi ya dukani. Mwantumu alipaka mafuta ya ufuta maisha yake yote.

Kitu kimoja tu kilimtuliza, nacho ni unga.

Watu wa kwao, mtu akitaka kusafiri safari ya kueleweka, haondoki hivi hivi. Alfajiri anakaa chini na mke wake, pembeni ya nguzo ya nyumba, wanamimina unga wa mtama taratibu mpaka unasimama kama kichuguu kidogo chenye ncha, wanausemea maneno yao, wanaufunika kwa chungu. Mwalimu wa chuoni alinung'unika kila siku kwamba mambo hayo si ya dini, na yeye mwenyewe alipokwenda Kilwa, mkewe aliweka unga. Ukishawekwa, mke aliyeuweka amefungwa. Hachani nywele wala hapaki mafuta kichwani. Halali nje ya nyumba yake. Moto wa jikoni kwake hauzimiki, wala haumtolei jirani kijinga. Anakaa hivyo mpaka msafiri arudi, na msafiri akirudi hapiti kwa mtu, mzigo wake unatua pale pale penye unga, mbele ya moto ule ule. Halafu anakaa nyuma ya mke wake, anachukua mafuta aliyokuja nayo, anampaka kichwa kwa mkono wake mwenyewe. Nyumba inayotuliwa mzigo ndiyo nyumba. Zilizobaki ni mahali pa kulala.

Na Isihaka, kwa miaka yote ile ya Zena, hakuwahi kupeleka unga Nachingwea. Alipotumwa Lindi kuchukua vyuma bandarini, alikuja kwanza Nambilanje. Alipotumwa Masasi, alikuja kwanza Nambilanje. Basi Mwantumu akawa anajiambia, akiwa peke yake shambani: Zena apake mafuta yake ya nazi mpaka yamtiririke mgongoni, unga uko kwangu.

Msimu wa kuvuna ufuta Isihaka akatokea katikati ya mwezi, bila taarifa, jasho limemlowesha, na uso una furaha ambayo Mwantumu hakuipenda. Mtu hafurahi hivyo kwa ajili ya kuja kwake, alijua. Kuna jambo.

Isihaka alimweleza huku anakunywa uji. Injini moja kubwa imewashinda Nachingwea. Fundi Mzungu anakwenda Nairobi kuonyeshwa namna ya kuifungua, na amesema hatamwacha Isihaka, kwa sababu Isihaka ndiye mwenye mkono. Wanakwenda kwa ndege. Jumamosi wanapaa, Jumanne wanarudi. Jumatano, inshallah, mzigo unatua hapa.

Mwantumu aliuliza Nairobi ni wapi. Isihaka akasema ni mbele ya Dar es Salaam, mbali sana, maili mia sita na kitu. Akauliza tena, huko mbali sana wanafika lini.

"Jumamosi hiyo hiyo," Isihaka akasema. "Asubuhi tunaondoka, tunatua Dar es Salaam, ndege inanyweshwa mafuta, tunaendelea. Alasiri tunaswali Nairobi."

"Jumamosi ipi?"

"Mama Fatu, Jumamosi hii moja. Ziko ngapi?"

Mwantumu akacheka, kwa sababu mumewe alikuwa anacheka. Alfajiri wakaweka unga, ukasimama vizuri, ncha yake haikuvunjika. Isihaka akaufunika mwenyewe, akapanda baiskeli, akashika njia ya Ruangwa kurudi Nachingwea. Na mpaka hapo palikuwa pazuri, maana Mwantumu alikuwa amechaguliwa tena, na safari hii si kwa Lindi wala Masasi.

Jumamosi ndege ikapita. Aliisikia akiwa anasimamisha matita ya ufuta, akatoka akaangalia. Ilikuwa ndogo kuliko mwewe, na kichwa chake kimeelekea kaskazini. Akajaribu kumweka Isihaka ndani yake. Akashindwa. Isihaka ni mrefu, akiingia mlangoni huinama. Huyo atakunjwaje aingie kwenye kitu kile?

Hilo ndilo lililoanza kumtafuna. Likamtafuna polepole, mpaka jioni likawa kubwa. Babu yake aliwahi kwenda Kilwa na mzigo wa nta kichwani, na Kilwa watu waliijua: unalala njiani, unalala tena, unalala mpaka unazoea kulala porini. Dar es Salaam ni mbele ya Kilwa. Nairobi ni mbele ya Dar es Salaam. Mwantumu akatandika mkeka, akachukua kikapu cha karanga, akaanza kuziweka, karanga moja kwa kila mahali ambapo mtu angelala. Mpaka Kilwa alizipanga kwa uhakika. Mpaka Dar es Salaam alikisia. Kutoka Dar es Salaam kwenda Nairobi hakuwa na la kukisia, akawa anaziweka tu, na mkeka ukajaa. Akakaa anauangalia. Mtu aende mkeka mzima, afanye kazi, aurudie wote, na Jumatano awe hapa anakunywa uji?

Ndege ina mabawa, sawa. Njiwa naye ana mabawa, na akiruka kutoka shamba hadi shamba unamwona anapumzika.

Ndipo wazo lenyewe likaingia, likakaa, likajitandikia. Isihaka hakwenda kokote. Wanaume wakitaka kulala siku nyingi kwa mke mwingine husema shamba lina nguruwe, au mjomba anaumwa. Huyu wa kwake amefanya kazi na Wazungu, kwa hiyo uongo wake una injini. Na unga aliuweka ili yeye Mwantumu afungwe pale jikoni, asichane nywele, asitoke, asione.

Labda wazo lingepoa, maana alikuwa mtu wa kufikiri mara mbili. Lakini Jumapili akapita Shaibu, mchuuzi wa chumvi na viberiti, Myao, mtani wake, anayetembea kutoka Nachingwea mpaka vijiji vya huku na baiskeli yake mbovu. Shaibu hakuwa na ubaya. Alikuwa na mdomo tu. Alimtazama Mwantumu kichwani, nywele kavu, zimesimama na vumbi la ufuta, akatikisa kichwa.

"Ninyi Wamwera mna mambo," akasema. "Baiskeli ya bwana wako nimeiona jana, imeegemea ukuta wa bi mdogo, mnyororo umepakwa mafuta unang'aa. Wewe mke mkubwa umekauka hivi. Bora ungezaliwa mnyororo."

Mwantumu akamrudishia utani kama ilivyo desturi, akamwambia baiskeli yake yeye inalia kama mbuzi anayechinjwa, akanunua chumvi asiyoihitaji. Shaibu alipoondoka, akakaa kizingitini. Baiskeli iko kwa Zena. Mtu akienda safari, chombo chake kinafanya nini kwa Zena? Hakuwaza kwamba baiskeli haipandi ndege. Wivu una macho makali, lakini unaangalia upande mmoja.

Jumatatu alfajiri alichagua gogo zuri la mninga, kavu, linaloweza kula moto taratibu siku nyingi, akaliingiza mafigani, akafukia makaa kwa majivu. Akaweka jiwe juu ya chungu cha unga. Akafunga mlango kwa kamba. Kwa jirani yake Sabaha aliaga kwamba imeletwa habari kuwa Fatu, binti yake aliyeolewa Mkotokuyana, anaumwa. Sabaha akamtazama kichwani, akauliza unga je. Mwantumu akasema moto ameuacha mzima, na mtoto ni mtoto. Akaenda haraka kabla hajaulizwa lingine.

Alishika njia za mkato, zile za miguu, zinazopita mashambani na kukwepa barabara ya magari. Alilala Ruangwa kwa mama yake mdogo, Mwanamvua, ambaye naye alimtazama kichwani na hakuuliza kitu, na huko kutokuuliza kukamuuma kuliko maswali. Kesho yake akatembea tena mpaka Mkotokuyana. Fatu alifurahi kumwona mama, mzima wa afya, tumbo limeanza kuonekana. Mwantumu akamdanganya na yeye, akasema anakwenda tu kumsalimia Zena. Njia nzima alikuwa anapanga maneno. Atabisha hodi. Zena atastuka. Isihaka atatoka chumbani anafunga shuka, na yeye Mwantumu hatapiga kelele. Atasema tu: nimekuja kukupokea mzigo wa Nairobi. Alilisema neno hilo mara nyingi sana njiani, kwa sauti ya chini, mpaka likawa tamu.

Jumatano saa za asubuhi akafika kambini Nachingwea. Aliuliza kwa fundi Isihaka, akaonyeshwa. Baiskeli haikuwepo ukutani. Zena alikuwa amekaa kibarazani anasukwa, nusu ya kichwa imekwisha, na mafuta yanametameta mpaka kwenye masikio. Walikuwa wameonana mara moja tu, msibani. Alikuwa mdogo kuliko Mwantumu alivyokumbuka, na hilo nalo likamchoma.

"Karibu, dada," Zena akasema, akainuka na chanuo limening'inia kichwani.

Maneno yote ya njiani yalimpotea Mwantumu. Alipita moja kwa moja akaingia chumbani. Palikuwa na kitanda kimetandikwa, shati la kazi kwenye msumari, sanduku, debe la maji. Aliangalia nyuma ya mlango. Halafu, na hili alilikumbuka kwa aibu miaka na miaka, aliinama akaangalia chini ya kitanda.

Zena alikuwa amesimama mlangoni.

"Debe la maji bado hujalifungua," akasema.

Mwantumu akasimama, magoti yana vumbi. Alichokuja kukitafuta hakikuwepo, ila kitu kingine alikuwa nacho mbele ya macho, akakishika hicho. Akamuuliza Zena kama haoni haya, mume yuko hewani, na yeye amekaa anasukwa na mafuta yanamchuruzika.

"Unga si uko kwako?" Zena akamjibu. Sauti yake haikuwa ya ugomvi. "Mimi wa Masasi, dada, kwetu unga tunaujua. Ungekuwa kwangu, hiki kichwa kingeota majani na nisingekigusa. Lakini hajaniwekea. Hajawahi. Anakanyaga baiskeli kutwa nzima aje kwako auweke, mimi ananiachia mnyororo nipake mafuta."

Mwantumu akamtazama. Alidhani wivu ni wake peke yake, kama jina lake. Kumbe upo na huku, unafagia chumba, unapika, unasubiri. Hakumwonea huruma, tusidanganyane. Aliona utamu kidogo. Akauliza, akiwa na utamu huo bado mdomoni, kwamba Isihaka basi yuko wapi.

"Kwako."

"Kwangu wapi?"

"Nambilanje. Ndege imetua jana mchana. Nilikuwa uwanjani nimempelekea baiskeli. Hata maji hakunywa, amesema mzigo haujatua. Kulikuwa na lori la mbao linakwenda Ruangwa kwa barabara kubwa, wakamrushia baiskeli juu, akapanda. Saa hizi ameshafika."

Mwantumu akakaa chini, hapo hapo sakafuni. Utamu wote ukageuka. Aliliona jiko lake. Aliliona gogo la mninga, akajaribu kuliwekea moto kwa mawazo, liwake, liwake tu mpaka mtu afike. Mume wake alikuwa amekwenda mkeka mzima wa karanga na kurudi, na muda ule ule yeye alikuwa hajamaliza kutoka nyumba moja ya mume huyo kwenda nyingine.

Alitaka kuondoka saa ile ile. Alipoinuka, miguu ilikataa. Ilikuwa imevimba hadi kwenye vifundo. Zena akamletea maji ya moto na chumvi kwenye beseni, akayaweka mbele yake, akarudi kumaliziwa nywele.

Wakakaa hivyo siku ile, na kesho yake pia mpaka mchana, wake wawili wa mtu mmoja na ungo mmoja wa karanga katikati yao, wakizibangua. Mwanzoni kila mmoja aliangalia karanga zake. Halafu Mwantumu akashindwa. Jambo la ule mkeka lilikuwa bado linamkera, na hapakuwa na mwingine wa kumuuliza. Akauliza, bila kumtazama mwenzake, ile safari ya kwenda ilikuwaje.

Zena akamweleza. Alimsindikiza mpaka uwanjani, ndege ikanguruma, vumbi likawaingia watu machoni, ikaondoka. Akarudi nyumbani akabandika kunde. Alipokwenda kisimani akapitia kwa Dominiko, karani wa simu ya upepo, ambaye husikia habari za ndege zikitua, akamuuliza kwa utani tu. Dominiko akasema wameshatua Dar es Salaam.

"Kunde hazijaiva," Zena akasema. "Hata chumvi sijatia. Jioni nakoka moto, Dominiko anapita, ananiambia wako Nairobi tangu alasiri. Nikakaa na ile sahani ya kunde. Nikajisemea, mtu huyu hata akinikimbia, sitajua amekimbia."

Mwantumu akabangua karanga kadhaa. Halafu akauliza lile alilokuwa analizunguka.

"Alikupungia mkono?"

Zena akafikiri. Angeweza kusema ndiyo. "Alipunga dirishani," akasema. "Watu tulikuwa wengi. Sijui alimpungia nani."

Isihaka alifika alasiri ya Alhamisi. Walisikia kengele ya baiskeli, halafu wakamwona, vumbi mpaka kwenye kope, na nyuma ya baiskeli mzigo umefungwa katika blanketi jipya, kamba haijaguswa. Hakushuka. Alisimama na mguu mmoja chini, akamtazama Mwantumu muda mrefu, namna unavyotazama kitu ulichokwisha kukizika.

Alieleza kwa vipande. Alifika nyumbani Jumatano asubuhi, akaita, hakuna anayeitika. Akafungua kamba. Akaweka mkono kwenye jiko, baridi. Gogo la mninga lilikuwa limejizima katikati. Chungu kimelala ubavu, jiwe kule, na kuku wa jirani, walioingia kwa upenyo wa ukuta, wanadonoa unga. Sabaha akamwambia mkewe amekwenda Mkotokuyana, Fatu ni mgonjwa. Basi akajua. Unga umemwagika, moto umezimika, mtoto amekufa. Alikanyaga baiskeli mpaka Mkotokuyana anasoma kila aya anayoijua, na alipofika akamkuta Fatu kwenye kinu, anatwanga, anaimba. Fatu ndiye aliyemwambia mama alilala pale, akaondoka kwenda kwa Zena.

"Kule juu sikuogopa, Mama Fatu," akasema. "Ile ndege ilitikisika mpaka Mzungu mwenyewe alishika kiti, na mimi nilikaa tu, nikajiambia moto wangu unawaka. Nimeogopa jikoni kwako."

Mwantumu angesema nini? Kwamba alipanga karanga kwenye mkeka? Kwamba Nairobi ilikuwa mbali mno kwa mtu kurudi, na Nachingwea karibu mno kwa mtu kutokwenda? Alikuwa amekaa mbele ya nyumba ya Zena, kichwa kimemkauka kama kiota, na kila sharti la unga ameshalivunja, ila hilo la kichwa.

Ndani, moto wa Zena ulikuwa unawaka, kunde zinachemka. Isihaka alikuwa bado hajashuka.

"Mzigo hauwezi kukaa juu ya baiskeli mpaka Idi," Zena akasema polepole, na mara akafumba mdomo, kama aliyeona amesema zaidi ya haki yake.

Mwantumu alijua anasubiriwa yeye. Angesema, nirudishe Nambilanje, nitakoka moto mpya, Isihaka angemrudisha, mtu mpole yule. Angemweka kwenye kibebeo na mzigo mapajani. Lakini moto mpya si ule moto, hata mtoto anajua, na Sabaha ameshawaona kuku na unga. Akainuka kwa miguu yake iliyovimba, akaenda kwenye baiskeli, akafungua ile kamba mwenyewe. Fundo lilikuwa gumu. Alilifungua kwa meno.

"Tua," akasema. "Penye moto."

Isihaka akaubeba mzigo akapita mlangoni, akainama kama anavyoinama siku zote, akautua mbele ya jiko la Zena. Zena hakutabasamu. Mwantumu alimchunguza sana, alitamani atabasamu ili apate la kumchukia, na yule mwanamke akasimama tu, amejishika mikono, machozi yanamlengalenga. Ndani ya blanketi mlikuwa na chupa ya mafuta ya kichwa, ya kijani, yenye kizibo cha bati. Isihaka aliishika. Akamtazama aliyetuliwa mzigo, na kichwa chake kilikuwa kinang'aa tayari. Akamtazama mwenye kichwa kikavu, na huyo hakuwa na moto. Mwishowe akaiweka dirishani bila kuifungua, na hakuna aliyeiomba.

Ijumaa Mwantumu alipanda lori mpaka Ruangwa, akamalizia kwa miguu.

Watu wa Nambilanje hawakumsema sana, ila kimoja walikiona wote. Isihaka alipopaa tena, mvua za mwaka uliofuata, hakuja kwanza Nambilanje. Unga uliwekwa Nachingwea. Habari ililetwa na Shaibu, na safari hii hata Shaibu hakutia utani. Aliongeza tu kwamba bi mdogo amekauka kichwa siku hizi, huwezi kumjua.

Mwantumu alimshukuru, akanunua viberiti. Siku ya Jumamosi aliposikia mngurumo alikuwa jikoni. Hakutoka nje kuangalia. Alichukua chungu, akatia maji, akabandika kunde, akakaa mbele yake kwenye kigoda. Hakutia chumvi. Zilipoanza kulainika akajua yuko Dar es Salaam. Jioni, alipokoka moto, akajua yuko Nairobi. Jirani yake Sabaha alikuja kuomba kijinga cha moto, Mwantumu akamwambia samahani, umezimika, na moto ulikuwa unaonekana mpaka mlangoni.

Sabaha akautazama moto. Akamtazama Mwantumu kichwani, akaona amejifunga kitambaa mpaka kwenye nyusi, na vumbi limetokeza pembeni, penye masikio.

"Si nasikia unga uko kwa mwenzako," Sabaha akasema.

"Uko kwake," Mwantumu akasema. "Kichwa ni changu."

Alikaa hivyo mpaka ndege iliporudi kusini. Akampa Isihaka muda wa kushuka, wa kupokewa, wa kutua mzigo kule alikoutua. Akampa na muda wa kukaa nyuma ya mtu na chupa mkononi, hilo alilipitisha haraka. Halafu akafungua kitambaa, akamimina mafuta ya ufuta kiganjani, akajipaka mwenyewe, taratibu, mpaka kichwa kizima kikalowa.